Onyo la bwenini kwenye fomu ya udaktari

Wadogo zangu mnaoomba vyuo vya udaktari hapa Marekani, kila msimu wa AMCAS, yaani mfumo wa pamoja wa kuomba vyuo hivyo, unapokaribia naulizwa swali lile lile: "Mwaka wa kwanza nilipewa onyo bwenini, lakini halimo kwenye transkripti. Niliseme?" Liseme. Ila kabla hujaandika neno, kaone jalada lako.

Swali la fomu lisomeni taratibu. Linauliza kama chuo chochote kimewahi kukuchukulia hatua kwa matokeo mabaya au kwa kuvunja kanuni za mwenendo, hata kama masomo hayakukatizwa, na hata kama hatua hiyo haimo kwenye transkripti au imefutwa. Hapo kwenye kufutwa ndipo wengi wanapokwama, maana walipomaliza adhabu waliambiwa yamekwisha. Kwa chuo yamekwisha kweli. Fomu bado inayataka.

Sheria ya FERPA ya 1974 inakupa haki ya kuona kumbukumbu zako, na chuo hakiruhusiwi kukuweka zaidi ya siku 45. Kwa hiyo omba mapema, Februari au Machi, usingoje Mei fomu ikishafunguliwa. Jaladani utakuta tarehe, kanuni uliyovunja na adhabu uliyopewa, na mara nyingi hayafanani na unavyoyakumbuka. Pengine utakuta hakuna kitu: mlezi wa bweni alikwambia upunguze muziki, akaenda zake. Ukiwa na shaka, iulize ofisi ya nidhamu kwa barua pepe kama tukio lako wanalihesabu kuwa hatua ya chuo, na jibu lao ulitunze. Binamu aliyeomba miaka iliyopita hawezi kukujibia hilo.

Maelezo yamepewa herufi 1,325, nafasi zikihesabiwa. Huna haja ya kuzimaliza. Chukulia kosa la kawaida kabisa, bia chumbani kabla ya kutimiza miaka 21. Utaandika kwa Kiingereza, lakini mpangilio ni huu:

"Oktoba 2022, nikiwa mwaka wa kwanza na umri wa miaka 18, mlezi wa bweni alikuta bia chumbani kwangu. Zilikuwa zangu. Chuo kilinipa onyo la maandishi na kozi fupi ya mtandaoni kuhusu pombe, nikaimaliza Novemba. Tangu hapo sijawa na shauri jingine."

Ukitaka, ongeza sentensi moja au mbili za ulichobadilisha, kiwe kitu ulichokifanya kweli. Ninachowakataza ni ile sentensi ya "nilijikuta mahali ambapo pombe ilikuwepo". Humo hakuna aliyenunua wala aliyekunywa, na msomaji wa kamati anaanza kujiuliza mgonjwa akipewa dawa isiyo yake utaandika nini kwenye faili. Wala msimtaje mwenzenu wa chumbani.

Natilia mkazo jambo hili kwa sababu nimeona vijana wazuri wakihangaika usiku kucha kwa ajili ya bia mbili, mpaka wanashawishika kujibu "hapana". Onyo dogo la zamani, likielezwa sawasawa, kamati inaweza kulipima na kuendelea na mengine. "Hapana" ya uongo ni kosa la leo, lenye saini yako chini ya tamko kwamba yote ni kweli na kamili. AMCAS inaweza kulichunguza na kupeleka ripoti kwa vyuo ulivyoomba, na chuo kinaweza kufuta nafasi kilichokwisha kukupa.

Wanaoomba pia kupitia mifumo mingine, AACOMAS ya vyuo vya udaktari wa osteopathia (shahada ya DO) au TMDSAS ya vyuo vya Texas, someni maswali yao upya, maana maneno yanatofautiana. Tarehe na adhabu ziwe zile zile kote.

Kwenye usaili wakikuuliza, jibu kwa sentensi mbili tatu kisha nyamaza, wakupeleke kwenye swali lingine. Na ukipatwa na shauri jipya baada ya kutuma fomu, una siku 10 za kazi kuvijulisha vyuo.