xy ikikaa katikati: namna ninavyotafuta vigawo

Wanafunzi wengi ninaowafundisha tuisheni wakipewa x² + 5x + 6 watafute vigawo, yaani mabano mawili yanayozidishana kuirudisha, wanaimaliza haraka: (x + 2)(x + 3). Wakipewa x² + 5xy + 6y², kalamu zinasimama. Hesabu ni ile ile jamani! Namba bado ni 2 na 3, ila kila bano linabeba y yake: (x + 2y)(x + 3y).

Tuchukue inayosumbua zaidi: 6x² + 7xy − 3y². Zidisha namba ya kwanza na ya mwisho pamoja na alama zake, 6 × (−3) = −18. Tafuta namba mbili ambazo zao lake ni −18 na jumla yake 7. Ni 9 na −2. Basi ivunje 7xy:

6x² + 9xy − 2xy − 3y²
3x(2x + 3y) − y(2x + 3y)
(2x + 3y)(3x − y)

Kwenye ile −y, tulia. Ukiitoa −y kwenye −3y², ndani inabaki +3y. Mabano yakikataa kufanana, kagua alama hiyo kwanza kabla hujafuta kazi yote. Na kama namba zote tatu zina kigawo cha shirika, mfano 12x² + 14xy − 6y², toa 2 nje mapema.

Kuhakiki jibu ndiko ninakosisitiza kuliko yote. Wengi huweka x = 1 na y = 1. Usifanye hivyo. Aliyesahau y akaandika (2x + 3)(3x − 1) atapata 10, na swali lenyewe linatoa 10, kwa hiyo kosa linapita. Weka x = 1, y = 2. Swali linatoa 6 + 14 − 12 = 8. Jibu sahihi linatoa 8 × 1 = 8, lile lisilo na y linabaki 10. Limeshakamatwa.

Ukitafuta namba mbili usizione, chukua ya katikati uizidishe yenyewe kwa yenyewe, kisha utoe mara nne ya lile zao la namba ya kwanza na ya mwisho. Kwa 6x² + 7xy − 3y² ni 49 − 4 × (−18), yaani 49 + 72 = 121, na kipeuo chake cha pili ni 11, kwa hiyo vigawo vipo. Lakini x² + 3xy + y² inatoa 9 − 4 = 5, isiyo na kipeuo kamili. Andika kwamba haina vigawo vya namba kamili, nenda swali linalofuata.