Fundi, ninunue mashine ipi ya upepo?

SWALI: Assalaam alaykum fundi. Mimi ni seremala hapa Wete, natengeneza milango, makabati na vitanda. Vanishi napaka kwa brashi na wateja wanalalamikia mistari, kwa hiyo nimenunua bunduki ya kupulizia. Karatasi yake inasema inataka lita 250 za upepo kwa dakika. Nimeona kompresa mbili: mpya ya tangi la lita 50, mota ya hospawa 2, imeandikwa lita 200 kwa dakika, na ya mtumba, pampu yake inazungushwa kwa mkanda, tangi la lita 200, hospawa 3, kibandiko kimefutika. Bei zinakaribiana. Nichukue ipi?

JIBU: Wa alaykum salaam, mwanangu. Umesoma karatasi ya bunduki kabla ya kununua mashine, na hapo umenishinda. Mimi kompresa yangu ya kwanza niliinunua kwa kutazama tangi tu, nikapulizia kabati la bibi harusi. Mlango wa kwanza ulitoka kama kioo. Wa pili geji ya upepo ikaporomoka, vanishi ikaacha kutoka kama ukungu ikawa inatema matone. Nilikesha na msasa, na harusi ni kesho yake.

Tangi ni ndoo. Pampu ndiyo mfereji. Ndoo kubwa yenye mfereji mdogo itakuchelewesha kuishiwa, basi.

Hiyo mpya iache. Zile lita 200 mara nyingi ni hewa inayovutwa na pistoni, siyo inayofika kwenye mpira wa bunduki. Kwa mashine ndogo kama hizo, hesabu theluthi mbili yake, kama lita 130. Bunduki yako itaimaliza.

Ya mtumba usiiamini wala usiikatae kabla ya kuipima. Mwambie muuzaji aiwashe, wewe shika saa ya simu. Sindano ya geji ikifika bar 6 (bar ni kipimo cha msukumo wa upepo) anza kuhesabu, ikifika 8 simamisha. Tangi la lita 200 likipanda bar 2 limeingiza kama lita 400 za hewa. Ikitumia dakika moja na nusu au pungufu, inakutosha. Ikitumia tatu, pampu imechoka, pengine pistoni zake zimelika.

Kisha izime, upepo uishe, ufungue koki ya chini ya tangi. Maji yatatoka, hilo lisikutishe. Yatazame rangi. Yakiwa mekundu na yana magamba ya kutu, ondoka, hata akipunguza bei nusu. Tangi lililoliwa kwa ndani halichomelewi. Likipasuka na bar 8 linaua.

Maji hayo ndiyo adui wetu visiwani. Hewa yetu ni nzito kwa unyevu, na pampu ikiikamua, maji yanabaki. Mashine ya lita 250 kwa dakika ikipiga saa nzima inaweza kukusanya robo lita na zaidi. Yakifika kwenye vanishi utaona malengelenge na weupe. Kwa hiyo funga chujio la maji karibu na bunduki, na kila jioni fungua koki mpaka utoke upepo mkavu. Masika, fungua na mchana pia.

Umeme nao. Hospawa 3 kwa fezi moja, yaani umeme wa kawaida wa nyumbani, hula kama ampea 14, na wakati wa kuwaka hupanda mara kadhaa. Plagi ya ampea 13 inaweza kuyeyuka. Mwite fundi umeme akutolee laini yake peke yake, yenye swichi yake. Ukitaka kupulizia uani, refusha mpira wa upepo, usirefushe waya: waya mrefu mwembamba unaiua mota.

Na ikishindwa kipimo cha saa, usiinunue kwa haraka ya kazi. Tafuta bunduki ndogo inayotosheka na lita 120. Hapo hata ile mpya itakufaa kwa milango, ukiipumzisha kila inapopata moto.