Jirani kaziba njia ya kisimani

Ndugu yangu, unasema jirani kapanda minyaa katikati ya njia ya kisimani na kaya sita sasa zinazunguka mbali na ndoo kichwani. Inauma. Lakini nakusihi, msiing'oe usiku. Mtageuka washtakiwa ninyi.

Kwetu ulizuka ugomvi kama huo. Wazee wakatuita wote na kamba, tukautembea mpaka kwa miguu. Hapo ndipo jirani alipofunguka: ng'ombe wanaopelekwa kunywa maji walikuwa wakimmalizia mihogo. Watu hakuwa na shida nao kabisa! Akaachia njia ya hatua mbili, nasi tukakata miti na kumjengea uzio. Kazi ya nusu siku.

Kwa hiyo muulize kwanza anachoogopa. Msiposikilizana, nendeni Baraza la Ardhi la Kijiji, ambalo hapa Tanzania lina wajumbe saba, watatu wanawake, kazi yao ni kusuluhisha. Ikishindikana, Baraza la Kata, ambalo tangu 2021 nalo hupatanisha tu, halitoi hukumu. Mkiafikiana, andikeni upana wa njia na mtie saini mbele ya mwenyekiti wa kijiji, kila upande ubaki na nakala.