Vifaranga wangu wa sato hawakui

SWALI: Nina bwawa Magu. Miezi saba iliyopita nilinunua vifaranga 400 wa sato kwa kijana anayevua kwenye vijito vya Mto Simiyu. Hadi leo hawazidi kidole, wana doa la rangi ya machungwa shavuni na vindevu mdomoni. Aliyeniuzia alisema niongeze pumba, sasa kaniletea homoni ya kuwakuza. Niitumie?

JIBU: Usiitumie. Hao hawajadumaa, ndugu yangu, wameshakua. Vindevu ulivyoviona vinamaliza ubishi: sato hana ndevu, awe kifaranga au awe wa kilo mbili. Doa hilo la shavuni ni la Enteromius kerstenii, samaki wa vijito, wa ukoo mmoja na ningu wa Ziwa Victoria. Mpasue jike wakati wa mvua, utakuta tumbo limejaa mayai. Mtoto gani huyo mwenye mayai?

Kwao ni maji yanayotembea, yenye mawe na nyasi za kingoni, ambako hula wadudu wa majini. Kiangazi hujibana kwenye vidimbwi vinavyobaki, na hapo ndipo wauzaji wanapowazoa kwa chandarua, ndoo baada ya ndoo. Kwako hakuna mkondo, na pumba unazozidisha zinaoza na kumaliza oksijeni.

Kinachonikera ni hii imani kwamba kila samaki mdogo ni mtoto wa samaki mkubwa. Matapeli wanaitumia kila siku. Homoni ya sato huchanganywa kwenye chakula cha vifaranga wiki tatu hadi nne za mwanzo, ili wawe madume wasizaliane ovyo bwawani. Haimrefushi samaki mzima wa aina nyingine, hata umpe debe zima! Anayekupa dawa isiyo na lebo hajui anachouza, au anajua na hajali.

Na hasara haiishii mfukoni mwako. Ningu walikuwa wakipanda mito yetu kwa makundi kwenda kutaga. Nyavu zikategwa midomoni mwa mito, wakadakwa na mayai yao tumboni, wakapungua vibaya. Kijito kinachozolewa kwa chandarua leo kinaelekea huko huko.

Hao wavue wote uwakaange, kisha ukaushe bwawa. Muulize ofisa uvuvi wa halmashauri kituo kinachozalisha vifaranga. Kabla hujalipa, weka wachache kwenye bakuli jeupe. Pezi la mgongoni la sato linaanzia karibu na kichwa hadi karibu na mkia, na safu yake ya miba inachoma. Ukiona pezi fupi katikati ya mgongo na mkia wa panda, mrudishie ndoo yake.