Volti 12 Hazipunguzi Bili ya Umeme

Karibu kila anayeniomba ushauri wa taa za nyumbani huanza na wati. "Nichukue ya wati ngapi?" Enzi za balbu za waya wa tungsteni swali hilo lilitosha, maana zote zilifanya kazi kwa namna moja: wati zikiongezeka, na mwanga unaongezeka. Siku hizi wati zinakuambia jambo moja tu, umeme unaoliwa na balbu. Mwanga unaoupata hupimwa kwa lumeni, na hiyo ndiyo namba ya kuitafuta kwanza kwenye boksi. Tukishamaliza namba za boksi nitafika kwenye volti, maana wapo wengi wanaoamini kwamba taa za volti 12 hupunguza bili.

Vipimo ninavyovikumbuka bila kuangalia popote ni hivi: balbu ya zamani ya wati 40 ilitoa lumeni 450 hivi, ya wati 60 kama 800, ya wati 75 ilizidi 1,000 kidogo, na ya wati 100 ilitoa kama 1,500. Balbu ya LED hutoa lumeni hizo 800 kwa wati 8 au 9, na nzuri zaidi hata chini ya hapo. Ndiyo sababu LED mbili za wati 9 zikiwekwa pamoja moja inaweza kuishinda nyingine kwa mwanga waziwazi. Maneno "sawa na wati 60" huchapwa makubwa ili yavutie macho, lakini usinunue kwa maneno hayo peke yake. Geuza boksi utafute lumeni. Boksi lisilotaja lumeni kabisa mimi huliacha pale pale rafuni.

Kisha tazama kelvini, yaani rangi ya mwanga wenyewe. 2,700 ni mwanga wa umanjano kama wa balbu za zamani. 4,000 ni mweupe wa katikati. 6,500 ni mweupe unaoingia kwenye ubluu. Wengi huweka 6,500 nyumba nzima kwa sababu dukani huonekana mkali zaidi, kumbe lumeni huenda ni zilezile. Mwanga wenye bluu nyingi usiku huuchelewesha mwili kutoa melatonini, homoni inayouandaa kulala, kwa hiyo sebuleni na chumbani sivuki 3,000. Jikoni na mezani pa kusomea 4,000 inafaa sana. Kuchanganya rangi mbili katika chumba kimoja sikushauri hata kidogo, jicho halitulii.

Kuna namba ya tatu ambayo wauzaji wengi hawaitaji: Ra, au CRI, inayoonyesha jinsi balbu inavyozitendea haki rangi za vitu. Balbu za waya zilikaribia 100. LED nyingi ni 80, na palipo na kioo cha kujitazamia, meza ya kushonea au mtu anayechora, ongeza fedha kidogo uchukue 90. Tofauti hujitokeza zaidi kwenye wekundu. Chini ya Ra 80 uso wa mtu mzima wa afya unaweza kuonekana kama wa mgonjwa.

Kabla ya kulipa, omba balbu iwashwe na uielekezee kamera ya simu, hasa ukiweka video ya mwendo wa polepole. Ukiona mistari myeusi inapita juu ya picha, balbu inapepesa kwa kasi ambayo jicho halioni lakini wapo ambao huishia kuumwa kichwa. Kipimo hiki si cha maabara, ila kinazifichua balbu mbovu nyingi.

Sasa vitako, yaani sehemu ya balbu inayoingia kwenye holda, kwa sababu hapa ndipo volti zinapoingia. E27 ni cha skrubu chenye kipenyo cha milimita 27; E14 ni mdogo wake; B22 ni cha pini mbili za pembeni, unasukuma na kuzungusha. Kwenye spotilaiti za darini kuna GU10 na GU5.3. GU10 ina miguu miwili yenye vichwa vinene, nafasi kati yake milimita 10, na huchukua umeme wa ukutani moja kwa moja. GU5.3 ina sindano mbili nyembamba zilizoachana milimita 5.3, na hiyo ni ya volti 12. Umbo la glasi mbele linafanana, tena zote zina kipenyo cha milimita 50 hivi, kwa hiyo mtu aliye juu ya ngazi akitazama glasi peke yake hawezi kujua anashika ipi.

Angalau hizo mbili haziingiliani. Hatari zaidi ni balbu za volti 12 zenye kitako cha E27 au B22, zinazotengenezwa kwa ajili ya mifumo ya betri na sola. Kitako ni kilekile cha balbu ya kawaida. Ukiifunga kwenye holda ya volti 230 inaungua papo hapo, na nyingine hupasuka. Nyumba yenye mifumo yote miwili inafaa iweke holda za aina tofauti kabisa kwa kila mfumo, skrubu huku na pini kule, ili hata mtoto akitumwa abadilishe balbu asiweze kukosea.

Lakini kwa nini volti 12 zilipewa nafasi nyumbani tangu mwanzo? Ni kwa ajili ya balbu za halojeni, ndugu wa zile balbu za waya. Kwa volti chache, uzi wa ndani unaweza kuwa mfupi na mnene. Uzi mfupi huvumilia mtikisiko na hukaa vizuri kwenye kitovu cha kioo kidogo cha kuakisi mwanga, kwa hiyo mwanga unaelekezwa pale unapotaka. Sababu ilikuwa hiyo. Haikuwa kubana matumizi, na hapa ndipo ninapobishana na watu karibu kila mara.

Fanya hesabu. Wati ni volti, yaani msukumo wa umeme, mara ampea, yaani wingi wa mkondo wake. Balbu ya wati 50 kwenye volti 230 huvuta ampea 0.22. Balbu ya wati 50 kwenye volti 12 huvuta ampea 4.2. Mita ya umeme haihesabu volti, inahesabu wati na saa: wati 50 kwa saa 10 ni nusu uniti, balbu iwe ya volti 12 au ya 230. Tena ile ya volti 12 huongeza kidogo juu yake, kwa sababu transfoma, kifaa kinachoushusha umeme wa ukutani hadi volti 12, nayo hupoteza umeme kwa joto. Iguse ikiwa kazini utalihisi. Na kama swichi imewekwa baada ya transfoma badala ya kabla yake, transfoma inabaki imewashwa usiku kucha hata taa zikiwa zimezimwa. Anayetaka bili ipungue abadilishe aina ya balbu, kutoka halojeni kwenda LED. Kubadilisha volti hakumsaidii.

Kinachobadilika volti zikishuka ni ampea, nazo hupanda. Ukilielewa hilo, mengine yote ya taa za volti ndogo yanafuata yenyewe.

Chukua mkanda wa LED, ule wa kubandika chini ya kabati au pembeni mwa dari. Aina moja ya kawaida hula wati 14.4 kwa mita, kwa hiyo mita 5 ni wati 72, na kwa volti 12 hizo ni ampea 6. Sema draiva, kifaa kinachoulisha mkanda volti zake kutoka umeme wa ukutani, iko mita 10 kutoka hapo, na fundi ametumia waya wa shaba wa milimita mraba 1.5. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo ni mita 20 za shaba, ukinzani wake kama omu 0.23. Ampea 6 zikipita hapo, volti 1.4 zinapotelea njiani. Mkanda unapokea 10.6 badala ya 12. Ukitumia mkanda wa volti 24 wenye wati zilezile, ampea ni 3, upotevu ni volti 0.7, na mkanda unabaki na 23.3. Upotevu umetoka karibu asilimia 12 hadi asilimia 3, waya haujabadilika. Kwa umeme wa volti 230, waya huohuo ungepoteza kiasi ambacho hakuna anayekijali.

Nimeitwa zaidi ya mara moja kuangalia mkanda unaong'aa upande mmoja na kufifia upande wa pili, na kila mara mwenye nyumba alikuwa na hakika kwamba mkanda ni feki. Pengine ni kweli, lakini pima volti mwishoni mwa mkanda kwanza. Njia za shaba ndani ya mkanda ni nyembamba mno na zenyewe hupoteza volti kila mita. Dawa ni kuulisha mkanda kutoka ncha zote mbili, au kuanza na volti 24 kama bado hujanunua. Kwa mkanda wowote unaozidi mita 5, mimi siichagui 12 tena. Draiva nayo isifanyishwe kazi hadi ukomo wake: kwa wati 72 tafuta ya 90 au 100.

Kwa halojeni upotevu wa volti huuma zaidi. Ukipunguza volti kwa asilimia 10, mwanga hupungua kwa karibu asilimia 30, maana uzi usiopata joto la kutosha hutoa mwanga mchache na wa njano.

Jambo jingine linalotokana na ampea nyingi ni moto. Watu husikia volti 12 na kuona ni kitu cha kuchezea. Ni kweli kwamba volti 12 hazikurushi ukishika waya kwa mkono mkavu, na ndiyo maana zinapendekezwa bafuni na bustanini, mradi transfoma iwe ya usalama, iliyotenganishwa kabisa na umeme wa ukutani, na yenyewe ikae mbali na maji. Lakini ampea 6 au 10 zikipita kwenye kiungo kilicholegea, kiungo hicho hupata joto, plastiki inayeyuka, na dari lina mbao. Viungo vya kusokota kwa vidole na kufunga utepe havina nafasi hapa. Kwenye betri ni hatari zaidi: betri ya gari au ya sola waya zake zikigusana inaweza kutoa mamia ya ampea kwa mara moja. Fyuzi iwekwe karibu kabisa na betri, kwenye waya wa chanya, kabla ya kitu kingine chochote. Tafadhali usiliahirishe hili.

Kwa nyumba ya sola, hata hivyo, volti 12 hubana matumizi kweli. Betri yenyewe mara nyingi ni ya volti 12, kwa hiyo taa ya volti 12 haihitaji inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, wala haipati hasara yake. Inveta hula umeme hata ikiwa haina mzigo, na kuiwasha usiku kucha kwa ajili ya taa mbili ni kuimaliza betri bure. Chagua balbu iliyoandikiwa upana wa volti, kama 10 hadi 30, kwa sababu betri inayochajiwa hupanda hadi 14.4 na inayokaribia kuisha hushuka kuelekea 11. Balbu isiyovumilia kupanda huko haidumu.

Wengi wanaobadilisha spotilaiti za halojeni za GU5.3 kwa LED hupata taa zinazopepesa au kukataa kuwaka, na balbu ndiyo inayolaumiwa. Tatizo mara nyingi ni transfoma ya zamani ya kielektroniki. Isome: huenda imeandikwa wati 20 hadi 60. Hiyo 20 ni mzigo wa chini. Ilikuwa inalisha halojeni ya wati 50. Sasa umeipa LED ya wati 5, nayo haioni mzigo wa kuiamsha. Nunua draiva ya LED ya volti 12 uiondoe ile, au mwambie fundi aitoe transfoma kabisa na kuweka holda za GU10. Kama nyaya za darini ziko katika hali nzuri na zinafaa kwa umeme wa ukutani, mimi hupendelea njia ya pili, kwa sababu kifaa kilichoondolewa hakiharibiki. Jambo la kuangalia: baadhi ya draiva hushikilia mkondo badala ya volti, nazo huandikwa miliampea 350 au 700. Hizo ni za paneli na taa maalumu, na ya kubadilishia lazima ifanane na iliyotoka.

Kuhusu muda wa kudumu, saa 15,000 zilizoandikwa kwenye boksi ni zaidi ya miaka 8 kwa matumizi ya saa 5 kwa siku. Kwa kawaida namba hiyo huhesabiwa hadi mwanga ushuke kufikia asilimia 70 ya ule wa mwanzo. Joto ndilo huikatisha safari hiyo mapema. Saketi ndogo iliyo kwenye kitako cha LED hupikika ikifungiwa ndani ya kibakuli cha kioo kisichopitisha hewa, na LED ya wati 15 humo haina maisha marefu. Weka ya wati 6 au 7, au tafuta iliyoandikwa kuwa inafaa taa zilizofungwa.

Kwa chumba cha kawaida, basi, mimi huweka holda ya kawaida na LED ya umeme wa ukutani. Volti ndogo ninaziweka kwenye unyevu, bustanini, kwenye mikanda na kwenye betri. Na popote panapowekwa transfoma au draiva, naomba iachwe mahali mkono unafika, kwenye tundu la spotilaiti au juu ya kabati, pamoja na karatasi yenye volti, wati na tarehe ya kufungwa. Draiva huharibika kabla ya LED zake, na fundi atakayekuja kuibadilisha hapaswi kuvunja dari ili aione.