Maswali ya Wasomaji: Udongo Unavyoamua Njia ya Seziamu

SWALI: Ndugu Mhariri, nimesoma kwamba baada ya ajali ya kinu cha nyuklia cha Chernobyl, Aprili 26, 1986, wafugaji wa kondoo katika milima ya Wales, zaidi ya kilomita 2,000 kutoka kinuni, waliwekewa masharti ya kuuza mifugo yao hadi mwaka 2012. Vumbi lililoanguka mara moja linawezaje kudumu kwenye nyasi za mlimani miaka 26, ilhali mashamba ya bondeni yalipona mapema? Na je, nyama ya namna hiyo ikichemshwa sana haiwi salama? — Msomaji, Morogoro.

JIBU: Ndugu msomaji, jibu la swali lako la kwanza limo katika udongo wenyewe, na hata wataalamu wa Uingereza walichelewa kulitambua. Wingu lililotoka Chernobyl lilipopita huko mwanzoni mwa Mei 1986, mvua kubwa ilikuwa ikinyesha katika milima ya Wales, Cumbria na Uskoti, nayo ikateremsha kwa wingi seziamu-137, kichafuzi chenye mionzi kilichotoka kinuni. Masharti yalipotangazwa Juni mwaka huo, ilitarajiwa kwamba yangedumu wiki tatu hivi, kwa sababu makadirio yaliegemea tabia ya seziamu katika udongo wa mfinyanzi.

Kikemia, seziamu inafanana na potasiamu, ambayo kila mmea huihitaji, na mizizi hainazo njia za kuzitofautisha barabara. Chembe za mfinyanzi zimepangwa tabaka juu ya tabaka mithili ya kurasa za kitabu kilichofumbwa. Seziamu hupenya kingoni mwa kurasa hizo ikanaswa, na mizizi ikashindwa kuifikia. Milimani mambo ni mengine. Udongo wa huko ni mboji nyeusi yenye maji na tindikali, wenye mfinyanzi haba na potasiamu kidogo, kwa hiyo seziamu hushikwa kwa ulegevu tu, na mmea wenye njaa ya potasiamu huinyonya bila kizuizi. Kondoo akila nyasi hizo, sehemu ya seziamu huingia katika misuli yake, na nyingine hurudi ardhini kwa kinyesi na mkojo, ikabaki katika sentimita chache za juu, palepale penye mizizi, ikaanza safari upya. Naamini kwamba kama udongo wa kila eneo ungepimwa kabla ya kuwaahidi wafugaji wiki tatu, wangeepushwa miaka mingi ya kusubiri ahadi isiyotimia.

Mwili wa mnyama, kwa upande wake, haushiki seziamu milele. Kondoo walioteremshwa kwenye malisho safi ya bondeni waliitoa kwa kiasi kikubwa ndani ya wiki chache, na ndiyo sababu walipimwa wakiwa hai, na waliozidi bekereli (kipimo cha mionzi) 1,000 kwa kilo wakapakwa rangi ili wasichinjwe. Kule Norwei, mifugo ililishwa kemikali iitwayo buluu ya Prussia, ambayo huishika seziamu tumboni na kutoka nayo kwa kinyesi. Japani, baada ya ajali ya Fukushima ya 2011, wakulima wa mpunga walitumia mbolea ya potasiamu ili mizizi ishibe kile inachokihitaji na kuacha seziamu.

Si kila kichafuzi husafiri hivyo. Iodini-131, nayo yenye mionzi, hupungua nusu kila siku 8, hivyo haina muda wa kusubiri mizizi: huanguka juu ya jani, ng'ombe akalila, ikatokea katika maziwa baada ya muda mfupi, kisha ikajikusanya katika tezi ya shingoni ya mtoto aliyeyanywa. Njia hiyo fupi ndiyo iliyowaletea watoto wengi wa Belarus, Ukraini na Urusi saratani ya tezi hiyo, jambo linalohuzunisha zaidi kwa kuwa maziwa yangeweza kuzuiwa katika wiki zile za kwanza. Strontiamu-90, kichafuzi kingine chenye mionzi, hufuata kalisi kama seziamu ifuatavyo potasiamu, ikatua mifupani.

Kuhusu kuchemsha: moto hauui mionzi. Seziamu huyeyuka katika maji, kwa hiyo nyama ikichemshwa sehemu yake huhamia katika mchuzi, na mchuzi ukimwagwa mlaji hupata seziamu pungufu kuliko angalipata kwa kuchoma. Lakini akiunywa, ameirudisha yote. Kuosha mboga nako huondoa vumbi lililo juu ya jani tu, si kile kilichopandishwa na mizizi.

Masharti yalipoondolewa mwaka 2012, zaidi ya nusu ya seziamu iliyoanguka ilikuwa bado haijapoteza mionzi yake, kwa maana hupungua nusu kila baada ya miaka 30 hivi. Yaliondolewa kwa sababu kiasi kilichofika katika sahani ya mlaji kilionekana kuwa kidogo mno kumdhuru.