Jibu: Kwa nini tumbaku ya Virginia iliozea ndani ya mapipa

Umeuliza ilikuwaje tumbaku ya Virginia, koloni la Uingereza huko Amerika Kaskazini wakati huo, ioze njiani kwenda Uingereza ilhali ilikuwa imekaushwa kwa wiki kadhaa. Mara nyingi kosa halikutokea baharini, lilitokea siku ya kufungasha.

Majani yaliyokatwa Agosti na Septemba yalitundikwa kwenye fito ndani ya banda linalopitisha hewa, wiki 4 hadi 6. Baada ya hapo yalisubiri hali ya hewa yenye unyevunyevu, maana jani kavu mno husagika likiguswa. Kipimo kilikuwa mkono: jani lililo tayari huvutika kama ngozi laini bila kukatika. Likizidi unyevu hapo, litaota ukungu tu. Pipa moja lilishindiliwa kwa wenzo mpaka likabeba takriban kilo 450, hivyo maji yaliyobaki hayakuwa na pa kutokea. Katikati pakapata joto na kuoza, huku juu pakionekana pazima.

Katika karne ya 18 sehemu kubwa ya kazi hii, pamoja na ustadi wake, ilikuwa mikononi mwa Waafrika waliotumikishwa utumwani. Inaniuma kwamba sifa hupewa wenye mashamba peke yao.

Sheria ya mwaka 1730 iliagiza kila pipa lifunguliwe na kukaguliwa kwenye maghala ya umma kabla ya kupakiwa, na tumbaku mbovu ichomwe moto. Stakabadhi za tumbaku iliyofaulu zilitumika hata kulipia kodi na madeni.